Karatasi za Karanga

Mwalimu Nyamizi,
uliandika kwa wino mwekundu, chini kabisa ya ripoti:
"Pazi hana ari. Mzazi amsaidie likizoni."
Nilisoma mara mbili, polepole,
kidole kikitambaa chini ya maneno kama sisimizi mwenye mzigo,
maana mimi mwenyewe shule niliiachia darasa la tano.
Wa tisini na nne kati ya mia na kumi na mbili.
Nikajiuliza, nimsaidie kwa lipi?
Tuisheni ya kwa Mzee Chuma ni mia tano kwa siku,
na mia tano kwangu ni vifurushi vitano, vya mia mia.

Juni ikaingia. Keko Machungwa asubuhi kuna kijibaridi,
mafundi wanapiga randa, unga wa mbao unatua
kwenye chai, kwenye nywele, kwenye begi lake
lililoninginia msumarini tangu Ijumaa ya kufunga.
"Mama, shule imefungwa," alisema,
kama mtu anayesema maji yamekatika:
si kosa langu, tungoje yarudi.

Basi nikamketisha kwenye meza yangu afunge karanga.
Karatasi nanunua kwa kilo,
madaftari ya watoto nisiowajua,
wa Kurasini, wa Chang'ombe, muuzaji hasemi.
Siku ya kwanza alifunga vifurushi arobaini.
Ya pili, kumi na viwili.
Nikageuka, mwiko mkononi.
Ameinama, ulimi nje.
"Mama, huyu kakosea.
Saba mara nane kaandika hamsini na nne."
Nikasema funga karanga.
Akasema subiri.
Akaazima penseli ya fundi Mtoro, ile bapa, nyekundu,
akamsahihishia mtoto asiye na jina,
halafu pembeni akaandika, kwa mwandiko wako, Mwalimu,
hata mkia wa jei ni wako:
"Umejitahidi. Rudia namba nne."

Sikujua kama mwanangu analijua neno hilo.
Kwenye madaftari yake sijaliona.

Jioni Mtoro akarudi na karatasi yenye chumvi.
"Mama Pazi, mbona insha imekatika?
Tulipofika shambani kwa bibi, mbwa aka...
Akafanyaje?"
Karanga zimeliwa, mbwa yuko hewani.
Pazi hakulala. Asubuhi mbwa alikuwa amekula mtihani wa taifa.
Jumatano mbwa akaitwa serikali ya mtaa kujieleza.
Alhamisi akaleta mashahidi, kuku wawili na mbuzi kiziwi,
na mafundi wakawa wananunua karanga
ili wajue kesi imefikia wapi.

Sikudanganyi, kuna wiki nzima hakushika kitu.
Chandimu mpaka giza, magoti meupe kwa vumbi.
Nilitaka kufoka,
nikaufunga mdomo wangu kama kifurushi.
Jumatatu akaja mwenyewe, anahema:
goli lao lina hatua sita, la wenzao nne na nusu,
wamedhulumiwa kiasi gani?
Tukatafuta jibu kwa futi ya Mtoro,
chini, kwenye mchanga, mimi na yeye
na vijana kumi wanaosubiri hukumu.

Kesho mnafungua.
Hii karatasi inanuka karanga, niwie radhi.
Sijui kama atapanda, na sikuahidi.
Watoto wako mia na kumi na mbili, mkono wako mmoja,
hilo naliona hata nikiwa huku jikoni.
Ila siku moja, ukichoka kusahihisha,
mpe daftari la mwenzake na kalamu yako nyekundu,
kisha utazame ulimi wake utakapotoka.

Jana usiku alinipa jaribio.
Saba mara nane, bila vidole.
Nikaandika hamsini na tano.
Akaniwekea mkasi mkubwa, hakuniogopa hata kidogo.
Chini yake:
"Umejitahidi, Mama. Umekaribia."